Wanasiasa na matajiri wanaowafadhili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Maswali haya nimeyakusanya Lubumbashi, mji wa migodi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye vikao vya mitaa yetu inayoitwa Kenya, Katuba na Ruashi, mengine baada ya misa, mengine kwenye foleni ya maji. Kila redio inapotaja jina la tajiri fulani wa migodi, watu huuliza yale yale, na mara nyingi wanaondoka na nusu ya jibu. Nimeyaacha jinsi yalivyoulizwa. Jibu likitegemea jingine, nimetaja namba ya swali ili nisirudie.

### Mambo ya msingi

1. "Mfadhili" wa mwanasiasa ni nani hasa?

Ni mtu au kampuni inayombeba mwanasiasa kwa mali: pesa taslimu, magari ya kampeni, mafuta, ndege ya kukodi, fulana, au mkopo ambao hakuna anayeukumbusha. Huku kwetu mfadhili mkubwa haonekani kwenye daftari la chama. Anaonekana Luano, uwanja wetu wa ndege, pale ndege ndogo inapotua, waheshimiwa wanashuka, na hakuna anayeuliza nani alilipa. Ndiyo maana mwanasiasa anaweza kuapa kwamba chama chake hakijapokea hata franga moja ya mtu fulani, na akawa hasemi uongo: mali ilipita kwa ndugu, kwa kampuni ya mke, au kwa ada ya watoto wanaosoma Ulaya.

2. Kupokea pesa za tajiri ni kosa kisheria?

Kupokea peke yake si kosa. Kifungu cha 6 cha Katiba ya 2006 kinasema vyama vinaweza kupata pesa za serikali kwa kampeni na shughuli zao, na sheria ya tarehe 10 Juni 2008 iliwekwa kupanga jambo hilo. Vyama vinalalamika kwamba pesa hizo hazitoki, kwa hiyo mgombea anabaki na mfuko wake au na mfuko wa mtu mwingine.

Kosa linaanza pale mchango unapobadilishwa na saini: kibali cha mgodi, msamaha wa kodi, zabuni, hukumu. Sheria ya tarehe 29 Machi 2005 iliyorekebisha kanuni ya adhabu kuhusu rushwa inambana anayetoa na anayepokea, wote wawili. Kazi ngumu ni kuthibitisha kwamba hiki kilitolewa ili kile kisainiwe, hasa mwaka mzima ukiwa umepita kati ya zawadi na saini.

3. Kama mchango ni halali, mbona mnapiga kelele?

Wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi. Mtu anayempa mwanasiasa dola milioni ana hesabu yake, na mwanasiasa hana milioni za kumrudishia. Alicho nacho ni kalamu. Deni lake atalilipa kwa kitu ambacho si chake: shaba na kobalti iliyo chini ya miguu yetu, au hisa za Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ambazo ni mali ya taifa. Na deni likiwa la siri, hatuwezi hata kujua limelipwa mara ngapi.

### Kesi ambayo kila mtu anaiuliza

4. Dan Gertler ni nani, na kwa nini jina lake haliishi midomoni mwa watu wa migodi?

Ni mfanyabiashara wa Israel, wa ukoo wa wauza almasi, aliyefika Kongo mwaka 1997 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mwaka 2000 serikali ya Mzee Laurent-Désiré Kabila iliipa kampuni yake, IDI, haki ya peke yake ya kuuza nje almasi za Kongo. Mzee alipouawa, haki hiyo ikafutwa, lakini urafiki na Joseph Kabila ukabaki, na biashara ikahamia huku kwetu kwenye shaba na kobalti.

Jina jingine linalotajwa pamoja naye ni la Augustin Katumba Mwanke, gavana wa Katanga wa zamani, ambaye baadaye alikuwa mshauri mwenye nguvu kuliko mawaziri wengi. Alikwisha kutajwa kwenye ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2002 kuhusu uporaji wa mali ya Kongo. Alikufa kwenye ajali ya ndege Bukavu tarehe 12 Februari 2012. Wazee wakisema "mambo mengine yamelala kaburini," ni yeye wanayemsema.

5. Zile dola bilioni 1.36 zilihesabiwaje? Au ni maneno ya wazungu tu?

Zilihesabiwa na jopo lililoongozwa na Kofi Annan, mtoto wa Ghana, katika ripoti ya mwaka 2013. Walichukua mauzo matano ya migodi ya kati ya 2010 na 2012, wakalinganisha bei ambayo serikali na kampuni zake walilipwa na thamani halisi ya mali ile. Tofauti ikafika dola bilioni 1.36, karibu mara mbili ya bajeti ya afya na elimu kwa pamoja ya mwaka 2012.

Namba kubwa namna hiyo hazishikiki, basi tuangalie moja ndogo. Kuna kampuni inaitwa SMKK. Nusu yake ilikuwa ya Gécamines, nusu nyingine ya ENRC, kampuni iliyokuwa kwenye soko la hisa la London. Mwaka 2010 Gécamines iliuza nusu yake kwa kampuni inayohusishwa na Gertler kwa dola milioni 15. Nusu ile ile ikaishia mikononi mwa ENRC kwa dola milioni 75. Katikati hapo hakukuwa na tingatinga lililoongezwa wala shimo jipya lililochimbwa. Siku nilipoeleza hesabu hii sokoni Kenya, mama mmoja muuza sombe alisimamisha kisu chake, majani yakiwa bado mkononi, akauliza: "Papa, kama mnunuzi wa mwisho alikuwa jirani, tena mwenye nusu ya nyumba, mbona hawakumgongea mlango wao wenyewe?" Sijasikia swali zuri kuliko hilo kuhusu biashara ile, na ofisi zilizosaini zilikuwa na deni la kumjibu.

6. Kwa hiyo Gertler amehukumiwa?

Hapana, na hili liwe wazi. Amewekewa vikwazo. Tarehe 21 Desemba 2017 Wizara ya Fedha ya Marekani ilisema alitumia urafiki wake na Rais Joseph Kabila kuwa dalali wa mauzo ya migodi, ikamfungia. Yeye amekanusha siku zote kwamba alifanya kosa. Vikwazo ni uamuzi wa serikali moja kumfungia mtu mlango wa benki na wa dola, mahakama haikukaa.

Ndiyo maana mlango huo unaweza kufunguliwa vile vile ulivyofungwa. Januari 2021, siku za mwisho za utawala wa kwanza wa Donald Trump, alipewa kibali kilicholegeza vikwazo. Machi 2021 utawala wa Joe Biden ukakifuta. Anayedhani vikwazo ni haki iliyokamilika akumbuke miezi ile miwili.

7. "Kampuni za visiwani" ndiyo nini?

Ni kampuni iliyoandikishwa mahali kama Visiwa vya Virgin vya Uingereza au Gibraltar, ambako kwa miaka mingi ungeweza kumiliki mali bila jina lako kuonekana. Ofisi yake ni anwani ya wakili. Mnunuzi wa kwanza katika mauzo ya swali la 5 alikuwa wa aina hiyo. Ubaya wake kwetu: kama nyuma ya kampuni kuna ndugu wa waziri, mkataba hautamtaja. Wakili wa Gécamines anasaini na jina la karatasi.

8. Kuna yeyote aliyekiri?

Wapo. Tarehe 29 Septemba 2016, Och-Ziff, mfuko wa uwekezaji wa New York, ulikubali kulipa dola milioni 412 kumaliza kesi za rushwa katika nchi kadhaa za Afrika, Kongo ikiwemo, na tawi lake moja likakiri kosa mahakamani. Hati za kesi zinaeleza mshirika wao wa Kongo, bila kumtaja jina, kwamba aliwapa maafisa wa nchi yetu zaidi ya dola milioni 100 kwa muda wa miaka kumi. Nilizisoma usiku mmoja umeme uliporudi. Pesa zile nilikwisha kuzisikia. Kilichonichoma ni kuona wakubwa wetu wameandikwa kwa namba, "afisa wa kwanza," "afisa wa pili," wamefichiwa majina na mahakama ya watu wengine, na sisi wenye nchi tunabaki kubahatisha.

Glencore, kampuni ya madini ya Uswisi inayomiliki sehemu kubwa ya migodi ya KCC na Mutanda kule mkoa wa Lualaba, ilikiri mashtaka ya rushwa nchini Marekani Mei 2022, na Kongo ilikuwa kati ya nchi zilizotajwa. Agosti 2024 waendesha mashtaka wa Uswisi waliitoza faini ya faranga za Uswisi milioni 2 na malipo ya dola milioni 150, kwa kushindwa kuzuia rushwa ya mshirika wake wa biashara aliponunua hisa za Gécamines katika kampuni mbili za migodi mwaka 2011.

Haki ni kutaja na upande wa pili: uchunguzi wa Uingereza juu ya ENRC, ulioanza 2013, ulifungwa Agosti 2023 kwa kuwa ushahidi haukutosha.

9. Kwa nini kesi zetu zinaamuliwa New York na Bern, na si hapa?

Kwa sababu dola, hata ikitumwa kutoka Lubumbashi kwenda Kinshasa, mara nyingi hupitia benki za Marekani, na makampuni hayo yana wanahisa na ofisi kule. Hapo sheria zao zinapata mkia wa kushika.

Lakini hiyo si sababu ya sisi kukaa kimya. Bunge letu liliwahi kuunda tume ya Christophe Lutundula kuchunguza mikataba iliyosainiwa wakati wa vita, 1996 mpaka 2003. Ripoti yake ilisambazwa mwaka 2006, ikapendekeza mikataba mingi ifutwe au ijadiliwe upya, na ikataja wakubwa kwa majina. Ilibaki kabatini. Mauzo ya swali la 5 yalifanyika miaka minne tu baadaye.

10. Zile faini, Kongo ilipata nini?

Faini za Marekani zinaingia hazina ya Marekani. Katika kesi ya Och-Ziff iliamriwa pia fidia ya zaidi ya dola milioni 130, nayo ikaenda kwa waliokuwa wanahisa wa kampuni moja ya Kanada iliyopoteza mgodi wa Kalukundi. Wanakijiji wa Kalukundi hawakuhesabiwa kama waliopoteza kitu.

Kilichotajwa kwa ajili ya Kongo ni viwili. Februari 2022 serikali ilisaini makubaliano na Ventora, kampuni ya Gertler, ili mali ambazo ikulu ilizikadiria dola bilioni 2 zirudi. Hata hivyo alibaki na haki ya kupokea malipo kutoka migodi mikubwa. Desemba 2022 Glencore ilikubali kuilipa serikali dola milioni 180 kwa mambo ya 2007 mpaka 2018. Depite (mbunge) wako akija likizoni, muulize milioni 180 ziko mstari gani wa bajeti. Muulize mbele ya watu.

### Wanasiasa, benki na mahakama

11. Kamerhe alihukumiwa, akaachiwa, akawa spika. Tuamini lipi?

Juni 2020 mahakama ya Kinshasa ilimhukumu Vital Kamerhe, mkurugenzi wa ofisi ya rais, miaka 20, pamoja na mfanyabiashara wa Lebanon, Jammal Samih, kuhusu karibu dola milioni 50 za nyumba za mpango wa siku 100 za kwanza za rais. Rufaa ya 2021 ikapunguza kifungo chake kuwa miaka 13. Juni 2022 wakaachiwa huru. Mei 2024 Kamerhe akachaguliwa spika wa Bunge.

Kisheria hana hatia, na anayemwita mwizi leo anakosea. Mimi nafuatilia nyumba. Hukumu inaweza kubadilika kila mwaka, lakini nyumba ama imesimama ama haipo, na waliozingojea wana haki ya kuonyeshwa.

12. Congo Hold-up ilikuwa nini?

Novemba 2021 waandishi wa nchi mbalimbali, wakisaidiwa na shirika la PPLAAF linalowalinda watoa taarifa, walianza kuchapisha habari zilizotoka kwenye hati milioni 3.5 zilizovuja kutoka BGFIBank. Walidai kwamba angalau dola milioni 138 za umma zilipitia tawi la Kinshasa kwenda kwa familia na watu wa karibu wa Joseph Kabila. Mkurugenzi wa tawi hilo wakati huo alikuwa Francis Selemani, aliyelelewa na familia ya Kabila.

Hapa mkono wa mfadhili umegeuka: si tajiri anayemlisha mwanasiasa, ni taasisi za umma zinazoilisha benki ya jamaa. Gécamines imo kwenye orodha. Kabla ya hapo, mwaka 2017, shirika la Marekani la Carter Center lilikwisha kuandika kwamba dola milioni 750 zilizolipwa Gécamines na makampuni kati ya 2011 na 2014 hazikuweza kufuatiliwa vizuri kwenye hesabu zake. Ni kampuni ile ile iliyowaaga zaidi ya wafanyakazi 10,000 mwaka 2003 kwa "depa volontere" (kuondoka kwa hiari), wengi wao na kitita kisichofikia mishahara waliyodai. Wajane wao tunakaa nao mtaa mmoja.

13. Na tajiri anayegombea mwenyewe?

Moïse Katumbi alikuwa tajiri kabla ya kuwa gavana wa Katanga (2007 mpaka 2015), na klabu ya mpira ya Mazembe ni yake. Mtu wa namna hiyo hahitaji kufadhiliwa, lakini maswali yanabaki: kampuni zake zinafanya biashara na ofisi anayoiongoza? Nani anazisimamia yeye akiwa madarakani? Ulizeni hivyo kwa kila tajiri, hata yule mnayempenda.

14. Ni Kongo tu?

Hapana. Nchini Malaysia, dola milioni 681 zilikutwa kwenye akaunti ya waziri mkuu Najib Razak. Akasema ni zawadi ya mwanamfalme wa Saudi Arabia. Julai 2020 mahakama ya kwao, si ya Marekani, ilimhukumu miaka 12 kwa kesi ya pesa za SRC International, iliyokuwa tawi la mfuko wa serikali wa 1MDB, ingawa kifungo kilikuja kupunguzwa. Nawatajia Malaysia kwa sababu ya mahakama hiyo.

### Mtaani kwetu

15. Nimepewa unga na kitenge cha kampeni. Nirudishe?

Swali hili ndilo linaloulizwa kwa sauti ya chini zaidi. Desemba 2023, kwenye uwanja mmoja wa Katuba, nilishika mfuko wa unga wa kilo 25. Karatasi yenye sura ya mgombea ilikuwa imegandishwa juu ya jina la kiwanda, gundi bado mbichi, na kona moja imeanza kubanduka. Bibi aliyeupokea alikuwa na wajukuu watano. Sitamwambia mama huyo arudishe bukari (ugali) ya watoto.

Ninachomwambia ni hiki: kula, na kura yako ni ya siri. Usikubali kuapishwa, usikubali kutoa kadi yako ya mpiga kura iandikwe namba au ibaki kwao. Na ukitaka, bandua ile karatasi uone kiwanda gani, uulize nani alinunua mifuko yote ile. Mgombea ambaye hana kazi inayojulikana hanunui maroli ya unga kwa mshahara.

16. Nitajuaje mali ya kiongozi kabla na baada?

Kifungu cha 99 cha Katiba kinawalazimisha rais na mawaziri kuandika mali ya familia yao mbele ya Mahakama ya Katiba, wanapoingia na wanapotoka. Asiyefanya hivyo ndani ya siku thelathini anahesabiwa amejiuzulu. Shida ni kwamba mwananchi hapewi karatasi hizo kuzisoma. Mikataba ya migodi, yenyewe, inatakiwa kuchapishwa, na ripoti za ITIE, mpango wa kimataifa wa uwazi wa mapato ya madini, zinaonyesha kampuni ipi ililipa nini kwa nani. Anzeni na hizo. Tafuteni neno "pas-de-porte": ni pesa ya mlangoni ambayo mnunuzi hulipa ili aingie mgodini. Ikiwa ndogo kuliko kawaida, rudini swali la 5.

17. Mimi nauza makaa. Haya yananihusu nini?

Kanuni ya migodi ya 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayoyachimba, hivi: 50% serikali kuu, 25% mkoa, 15% mji au sekta ambako mgodi uko, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti, kama madini ya kimkakati, inalipa mrabaha wa 10%. Kwa hiyo pesa ya barabara unayopita na gunia lako ina anwani. Mfadhili akipunguziwa na rafiki yake, amepunguziwa kwenye barabara hiyo.

18. Nafanya kazi ofisini, nimeona hati. Nifanye nini?

Usizionyeshe kwenye simu ya kazi, usimwambie mwenzako, usizitume WhatsApp. Nasema kwa uzito. Gradi Koko na Navy Malela, waliokuwa wafanyakazi wa benki Kinshasa, walitoa hati zilizohusu biashara za Gertler. Mwaka 2020 mahakama ya Kinshasa iliwahukumu kifo bila wao kuwepo. Wako hai kwa sababu walikuwa wamekwisha ondoka. Ongea kwanza na wakili au shirika la kulinda watoa taarifa, kabla hujamwona mwandishi. Familia yako iwe imefikiriwa siku hiyo hiyo.

19. Picha ya mwanasiasa na tajiri ni ushahidi?

Hapana. Lubumbashi ni mji mdogo, harusi moja tu ya mtaa wa Golf inakusanya wote. Picha ni sababu ya kuuliza maswali mawili: walionana mara ngapi, na ni kitu gani kilisainiwa baadaye.

20. Kama mwanasiasa hakujua mfadhili wake ni mwizi?

Inawezekana kweli. Sam Bankman-Fried wa FTX, soko la sarafu za kidijitali, aliwapa pesa wanasiasa wengi wa Marekani, wa vyama vyote viwili, kabla kampuni yake haijaanguka Novemba 2022. Machi 2024 alihukumiwa miaka 25. Waendesha mashtaka walisema zaidi ya dola milioni 100 za wateja zilitumika kwenye michango ya siasa. Wanasiasa kadhaa walikimbilia kuzitoa sadaka. Februari 2023 wasimamizi wa FTX wakawaandikia: rudisheni kwetu, kwa maana kuna wateja walioibiwa wanaongoja, na sadaka haifuti deni.

Jibu lile linatosha kwa waheshimiwa wetu pia. Asiyejua arudishe siku anapojua, na arudishe kwa mwenye mali. Kuipeleka parokiani na kupiga picha na padri hakumrudishii Gécamines hisa yake.